Fidia Mahakamani: Haki ya Aliyedhurika au Huruma ya Hakimu?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyejiharamishia dhulma na akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na swali nililoulizwa baada ya darsa ya alasiri katika msikiti mmoja wa Bungu, wilayani Kibiti. Muulizaji alikuwa mvuvi wa delta ya Rufiji, mtu wa makamo, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa kwa panga katika ugomvi wa nyavu. Aliyemkata alishitakiwa, akatiwa hatiani, akafungwa miaka mitatu, na hakimu akaamuru pia amlipe majeruhi shilingi milioni mbili. Mvuvi yule alinionesha nakala ya hukumu, ameikunja mara nne ndani ya bahasha iliyowahi kulowa ikakauka. Mfungwa alikwishamaliza kifungo chake na kuhama, na fedha haijatoka hata shilingi moja.

Nilimjibu kama tulivyozoea kujibu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, samehe. Malipo yako yako kwa Mwenyezi Mungu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Shehe, kusamehe nitasamehe. Lakini mtu husamehe alicho nacho. Nieleze kwanza nina haki gani, ndipo niisamehe."

Nilirudi nyumbani nimefedheheka. Mtu asiyesoma vitabu alikuwa ameshika mpangilio wa aya kuliko mimi niliyefundisha aya hiyo miaka mingi. Katika Suratul Baqara (2:178) Mwenyezi Mungu anaitaja haki kwanza, kisha anautaja msamaha, kisha anaamrisha aliyesamehewa alipe kwa wema. Msamaha umekuja baada ya haki kujulikana. Kwa hiyo nikaanza upya, nikasoma sheria ya nchi na nikarejea vitabu vya fiqhi, ili nimjibu mvuvi yule jibu lenye mizani. Haya ndiyo niliyoyapata, na ndani yake mna lawama kwa sheria na lawama kwetu sisi tunaopanda mimbari.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Kwanza tufanye uadilifu. Husikika mara nyingi katika hotuba zetu kwamba sheria za kizungu zinamjua mkosaji na Serikali tu, na hazimjui aliyeumizwa. Maneno haya si sahihi, na si halali kumzulia mtu hata kama hatupendi anachofanya.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 (Sura ya 20) ina kifungu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa namba 348. Muhtasari wake ni huu: mtu akitiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake si kifo, na ikaonekana kwa ushahidi kwamba mtu mwingine amepata hasara ya mali au madhara ya mwili kwa sababu ya kosa hilo, hasara ambayo kwa maoni ya mahakama angeweza kuidai kwa kesi ya madai, basi mahakama inaweza, kwa hiari yake na pamoja na adhabu nyingine, kuamuru mkosaji amlipe fidia ya mali au fedha kwa kiasi itakachoona ni cha haki. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), tuliyoirithi kutoka utawala wa Waingereza, inasema katika kifungu chake cha 31 kwamba fidia hiyo inaweza kuwa pamoja na adhabu nyingine au badala yake. Katika makosa madogo ya watu binafsi, kama shambulio la kawaida, kifungu cha Sheria ya Mwenendo ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa namba 163 kinairuhusu mahakama kusuluhisha wahusika kwa masharti ya malipo. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imekwenda mbele zaidi: anayetiwa hatiani kwa ubakaji lazima aamriwe kumlipa fidia aliyetendewa, juu ya kifungo kisichopungua miaka thelathini.

Kwa hiyo mlango upo, na mwanafunzi wa fiqhi ataona mara moja unapofanana na wetu. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu mwizi aliyekatwa mkono: je, anadaiwa pia mali aliyoiba ikiwa imekwisha? Wanavyuoni wa Kihanafi wamesema kukatwa na kulipa havikusanyiki. Imamu Shafi (Mungu amrehemu) amesema vinakusanyika, kwa sababu adhabu ni haki ya Mwenyezi Mungu na mali ni haki ya mja, na haki moja haiifuti nyingine. Kifungu cha 348 kinaposema "pamoja na adhabu nyingine", kimeegemea upande wa madhehebu yetu bila kujua.

Tatizo liko wapi basi? Naliona katika mambo matatu: neno, kipimo na mlipaji.

NENO "FIDIA"

Sisi tuliosoma Kiarabu tunajua asili ya neno hili. Fidya katika Qur-an ni kile anachotoa mtu ili ajikomboe na jambo linalomlazimu. Asiyeweza kufunga anatoa fidya ya kulisha masikini (2:184). Aliyenyoa kichwa katika ihramu kwa ugonjwa anatoa fidya (2:196). Siku ya Kiyama haitapokelewa fidya kwa wanafiki wala makafiri (57:15). Mahali pote hapo anayetazamwa ni mtoaji. Ndiye aliyefungwa na ndiye anayetaka kufunguka.

Haki ya aliyeumizwa ina majina mengine katika fiqhi. Ikiwa ni roho, ni diya. Ikiwa ni kiungo au jeraha lenye kipimo, ni arshi. Jeraha lisilo na kipimo maalumu lina hukuma. Mali iliyoharibiwa ina dhamani, yaani wajibu wa kurudisha mfano wake au thamani yake. Ajabu ni kwamba neno hili la mwisho tumelichukua kwa Kiswahili likawa "dhamana", na mahakamani dhamana ni ile inayomtoa mshitakiwa rumande. Neno hili, dhamana, limetoka upande wa aliyedhurika likahamia upande wa mkosaji.

Atasema msemaji: hakuna ugomvi katika istilahi, maadamu maana inaeleweka. Ni kweli, na mimi sitaki tubadilishe kamusi. Lakini sikiliza jinsi neno linavyotumika vijijini kwetu. Utasikia: "Amelipa fidia, yamekwisha." Anayesemwa kwamba mambo yake yamekwisha ni mkosaji. Ni nadra kusikia: "Fulani amepata haki yake." Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hilo ni jambo jema kwa watu wa delta ambao Kiingereza hawakijui. Ndiyo sababu ni wajibu wa wenye elimu ya lugha kueleza kwamba fidia ya kifungu cha 348 maana yake ni haki ya majeruhi, na kamwe si bei ya kujikomboa.

KIPIMO

Sheria imesema kiasi "cha haki", ikaishia hapo. Hakimu mmoja ataona milioni mbili, mwenzake kwa jeraha lile lile ataona laki tatu, na wa tatu hataamuru chochote, na wote watatu hawajavunja kifungu, kwa kuwa kifungu kimesema "inaweza" na "kwa hiari yake".

Fiqhi haikuacha jambo hili kwa dhana. Katika barua ambayo Mtume (S.A.W.) aliwaandikia watu wa Yemen, iliyopokewa kwa njia ya Amr bin Hazm (R.A.), viungo vimehesabiwa. Roho ni ngamia mia moja. Jicho moja ni hamsini, mkono mmoja hamsini, mguu mmoja hamsini. Kidole ni kumi, jino ni watano. Jeraha la kichwa linalofunua mfupa ni ngamia watano, na linalofika tumboni ni theluthi ya diya. Mwanafunzi anayesoma Matn Abi Shujaa katika madrasa zetu anakutana na hesabu hii akiwa bado kijana. Ngamia wasipopatikana, Imamu Shafi katika kauli yake mpya amesema italipwa thamani yao.

Hekima yake ni kwamba mkono wa mvuvi wa Mbwera na mkono wa tajiri wa mjini, wote wakiwa Waislamu wanaume huru, una kipimo kimoja. Hakimu hakuachiwa kuuliza kwanza huyu ni nani. Na pale ambapo kipimo hakipo, katika hukuma, kadhi hana ruhusa ya kubuni tarakimu. Anawauliza wajuzi wa majeraha upungufu uliopatikana, na hapaswi kufikia arshi ya kiungo chenyewe.

Simwambii hakimu wa Kibiti ahukumu kwa ngamia. Tanzania Bara mahakama hazina mamlaka ya kuhukumu jinai kwa fiqhi, na kila mtu analijua hilo. Ninachosema ni kwamba nchi inaweza kumwekea hakimu jedwali la viwango vya majeraha, na kumtaka aandike sababu anapokataa kuamuru fidia. Katika ubakaji sheria tayari imesema "lazima". Kwa nini aliyekatwa mkono abaki kwenye "inaweza"?

MLIPAJI

Hapa ndipo mvuvi wetu alipokwama. Sheria imemtazama mlipaji mmoja tu, naye ni mkosaji mwenyewe. Lakini mkosaji huyo huyo amepelekwa gerezani, mahali ambapo hapati kipato. Akitoka, hana nyavu, hana mtumbwi, na mara nyingi hana anwani. Amri ya fidia inabaki kuwa karatasi.

Fiqhi imewapanga walipaji kwa daraja. Jinai ya makusudi, kama hii ya panga, mkosaji analipa kwa mali yake mwenyewe, na asipokuwa nayo ni deni shingoni mwake. Akifa linatolewa katika mirathi kabla warithi hawajagawana. Akiwa na dhiki, atapewa muda mpaka apate wasaa (2:280), lakini deni halifutiki. Jinai ya bahati mbaya, na ile inayofanana na makusudi, inalipwa na aaqila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, kwa miaka mitatu. Msingi wake ni hukumu ya Mtume (S.A.W.) katika kisa cha wanawake wawili wa Hudhail, mmoja alipompiga mwenzake kwa jiwe akamuua yeye na mimba yake. Sayyidna Umar (R.A.) alipoweka madaftari ya askari, wanavyuoni wa Kihanafi wakasema walioandikwa katika daftari moja ndio aaqila wao kwa wao. Na pale mlipaji anapokosekana kabisa, Baitul Mali inasimama.

Ulimwengu wa leo umefika karibu na hapo kwa njia yake. New Zealand ilipitisha sheria ya Serikali kuwalipa majeruhi wa jinai mwaka 1963, na Uingereza ikaanzisha mpango wake mwaka 1964. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa Sheria yetu ya Mwenendo, Umoja wa Mataifa ulitoa Azimio kuhusu haki za wahanga wa uhalifu, likisema kwamba mkosaji alipe, na malipo yasipotimia basi Serikali zijitahidi kulipa. Waingereza walituachia kifungu, kisha kwao wakaona hakitoshi wakaongeza mfuko. Sisi tumebaki na kifungu.

NG'OMBE NA MPUNGA

Natoa mfano wa pili, kwa kuwa si kila jinai ni ya damu. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji waondoke bonde la Usangu na Ihefu, na wengi wao wakashuka na mifugo yao mpaka Rufiji na Lindi. Tangu wakati huo kesi za ng'ombe kuingia mashambani zimekuwa chanzo cha chuki, na mara nyingine cha damu, baina ya wakulima wetu na ndugu zao wafugaji.

Qur-an imetaja kesi hii hasa, katika Suratul Anbiyaa (21:78-79). Wanyama wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu, na Nabii Daud na Nabii Sulaiman (A.S.) wakahukumu. Wafasiri, wakiwemo waliopokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), wameeleza kwamba Daud aliona wanyama wapewe mwenye shamba. Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba achukue wanyama atumie maziwa na sufi yao, na wenye wanyama walihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Mwenyezi Mungu akasema kwamba alimfahamisha Sulaiman, na wote wawili akawapa hukumu na elimu.

Mtume wetu (S.A.W.) naye, katika kisa cha ngamia wa Baraa bin Azib (R.A.) aliyeharibu bustani, alihukumu kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na kinachoharibiwa na mifugo usiku kiwe juu ya wenye mifugo. Hukumu hii ameipokea Imamu Malik na Abu Daud, na ndiyo kauli ya madhehebu yetu.

Sasa rejea kifungu cha 348. Kimesema fidia iwe "ya mali au fedha". Maana yake mlango wa hukumu ya Sulaiman haukufungwa. Pale palipothibitika jinai, hakimu anaweza kuamuru magunia ya mpunga badala ya fedha, au mitamba. Mkulima wa Ruaruke aliyepoteza mpunga wa masika anahitaji chakula cha watoto kabla ya noti. Lakini nani amemwambia hakimu? Mkulima mwenyewe hajui kama anaruhusiwa kuomba.

DAMU ISIYO NA MLIPAJI

Nakuja kwenye jambo zito, na namuomba Mwenyezi Mungu aulinde ulimi wangu. Baina ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Kibiti na Rufiji zilipita katika mtihani wa mauaji. Waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, waliuawa raia, na tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi wanane kwa mara moja katika eneo la Mkengeni. Zipo pia familia zinazosema vijana wao walichukuliwa katika kipindi hicho na mpaka leo hawajawaona. Wajane na mayatima wa pande zote hizo wamo katika misikiti yetu.

Tukiwapima wajane hawa kwa kifungu cha 348, hawana kitu. Fidia inahitaji mtu aliyetiwa hatiani. Asipojulikana muuaji, au akifa kabla ya kuhukumiwa, hakuna amri. Na hata angehukumiwa kwa mauaji ya kukusudia, adhabu yake kisheria ni kifo, na kifungu kimeyatoa makosa yenye adhabu ya kifo. Hivyo sheria inamuona aliyevunjwa jino na haimuoni yatima. Mjane ameachiwa njia ya kesi ya madai, njia ndefu na ya gharama, na atamshitaki nani ikiwa muuaji hajulikani?

Tazama Mtume (S.A.W.) alivyofanya. Abdullah bin Sahl (R.A.) alikutwa ameuawa Khaibar, na muuaji hakujulikana. Jamaa zake wakaja kulalamika. Mtume akawataka waape viapo hamsini, wakasema: vipi tuape na hatukuona? Akawaambia basi Mayahudi wa Khaibar waape, wakasema hatukubali viapo vyao. Hapo Mtume (S.A.W.) hakumhukumu mtu kwa dhana, na wala hakuwarudisha mikono mitupu. Alilipa diya, ngamia mia moja, na katika baadhi ya riwaya walitoka katika ngamia wa sadaka. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Imepokewa pia kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kwamba damu ya Muislamu haipotei bure, alipomshauri Umar (R.A.) kuhusu mtu aliyekufa katika msongamano, ikalipwa kutoka Baitul Mali.

Angalia mambo mawili yamekusanyika hapa. Asiye na ushahidi juu yake haguswi, na aliyefiwa haachwi. Sisi huko Kibiti tulikuwa na wepesi wa kutuhumu na uzito wa kusaidia. Hiyo ni kinyume cha Sunna.

NA SISI JE?

Sasa nirudi kwenye nyumba yetu, kwani mkosoaji asiyejikosoa hana haki ya kusikilizwa.

Vijijini mwetu kuna desturi ya "kumalizana". Binti anaharibiwa, familia mbili zinakaa, unaletwa mchele na fedha kidogo, mzee mmoja anasema hii ndiyo sulhu ya Kiislamu, na maalimu anaombwa asome Fatiha. Nami niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo nikiwa kijana, nikasoma, na nikapewa bahasha. Namuomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na ningependa binti yule anisamehe pia, lakini sijui alikoolewa.

Ile haikuwa sulhu wala haikuwa diya. Katika fiqhi, mwanamke aliyelazimishwa ana haki ya mahari ya mfano wake, na Imamu Malik ameweka mlango wake katika Muwatta. Haki hiyo ni yake yeye, haichukuliwi na baba wala mjomba. Na malipo hayo hayamwondolei mkosaji adhabu hata chembe. Kilicholipwa kwenye kikao kile kilikuwa bei ya kimya, na aliyenyamazishwa hakupata hata kikombe kimoja cha mchele ule. Isitoshe, sheria ya nchi inahesabu kuwa ni kosa kuificha jinai kubwa kwa malipo, na katika hili sheria na fiqhi zinakubaliana.

Tusidhani kuwa ni vijijini tu. Pakistan iliandika sheria ya kisasi na diya mwaka 1990. Matokeo yake baba au kaka akawa anamuua binti wa nyumba kwa madai ya heshima, kisha familia hiyo hiyo, ambayo ndiyo warithi wa damu, inamsamehe. Ikabidi sheria irekebishwe mwaka 2004, na tena mwaka 2016. Mwaka 2011 mjini Lahore, Mmarekani Raymond Davis aliyewapiga risasi watu wawili aliachiwa baada ya familia zao kulipwa mamilioni ya dola kwa jina la diya. Jina lilikuwa la Qur-an. Je, wale mafukara walikuwa na nafasi ya kukataa? Diya isiyo na uhuru wa kukataa haitofautiani na ile bahasha niliyopewa mimi.

Kwa hiyo anayesema "turudishe diya tu, mambo yatakuwa sawa" hajajibu swali. Diya bila kadhi muadilifu inamgeukia mnyonge.

LIFANYWE NINI?

Yaliyo juu ya watunga sheria nimekwishayataja: jedwali la viwango, hakimu kuandika sababu za kukataa fidia, na mfuko wa Serikali kwa wale ambao mlipaji wao hayupo, wakiwemo mayatima wa waliouawa. Naongeza moja. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu baadhi ya wenye kifungo kisichozidi miaka mitatu kutumikia adhabu nje ya gereza. Kwa anayestahiki, hakimu aiunganishe na amri ya fidia, ili mkosaji afanye kazi na alipe kidogo kidogo.

Yaliyo juu yetu sisi maimamu hayahitaji Bunge, nayo ni haya:

Kwanza, tuwafundishe watu kuomba. Fidia inatolewa kwa yale yanayoonekana katika ushahidi. Majeruhi achukue fomu ya PF3 polisi, ahifadhi stakabadhi za hospitali, na anapotoa ushahidi aseme amepoteza nini na kwa thamani gani. Amkumbushe mwendesha mashitaka kuomba fidia kabla adhabu haijatajwa. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa. Imamu amjue wa kata yake kama anavyomjua muadhini.

Pili, tusisome Fatiha juu ya jinai. Aliyekuja na kesi ya ubakaji au ya damu aelekezwe polisi na mahakamani. Sulhu iwe katika yale ambayo sheria na fiqhi zimeruhusu, na mwenye haki akiwepo mwenyewe.

Tatu, zaka. Katika Suratut Tawba (9:60) miongoni mwa wanaostahiki ni wenye madeni. Wanavyuoni wa Kishafi wameeleza kwamba anayebeba deni kwa ajili ya kupatanisha makundi mawili, kama vile diya ya aliyeuawa na muuaji hakujulikana huku fitina ikihofiwa, anapewa zaka hata akiwa tajiri. Dalili yake ni hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (R.A.) katika Sahihi Muslim, alipobeba mzigo wa namna hiyo na Mtume (S.A.W.) akamwambia asubiri mpaka sadaka ije. Kibiti na Rufiji hakuna mahali panapostahiki zaidi fungu hili. Mkulima na mfugaji wakikaribia kushikiana silaha, mzee anayesimama katikati na kubeba gharama asaidiwe. Na majeruhi fukara apewe kwa ufukara wake, bila kusubiri karatasi ya mahakama.

KHITIMISHO

Nilimtafuta tena yule mvuvi. Nikamwambia: kwa kipimo cha fiqhi mkono wako ni nusu ya diya, ngamia hamsini. Hakimu amekupa milioni mbili, nayo ni amri ya mahakama, haikufutwa na mtu kutoka gerezani, na unaweza kurudi mahakamani kuomba isimamiwe. Hii ndiyo haki yako hapa duniani. Ukiidai huna dhambi. Ukiisamehe, yote au sehemu yake, ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu (42:40). Wala mimi wala mwingine hana ruhusa ya kukuharakisha.

Hakunijibu kuhusu msamaha. Aliniuliza msaidizi wa kisheria anafika Bungu siku gani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhulma, awape subira na riziki wajane na mayatima wao, awaongoze mahakimu wetu kwenye uadilifu, na atujaalie sisi wenye kuitwa masheikh tusiwe miongoni mwa wanaouza haki za wanyonge kwa thamani ndogo. Amin.

Wallahu a'lam.